Viatu vya Hamisa

Ndugu zangu wa Mazingara, na nyinyi wa Kwaluguru mnaonijua kwa sura tu, kaeni niwaeleze nilichokifanya. Wengi mlinisifu wakati ule. Mlikosea, nami niliwaacha mkosee.

Mwaka wa sabini na tano tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, na nyumba yetu ilikuwa na amani. Asubuhi nilitwanga mahindi, Hamisa akapepeta, na mume wetu Mdoe akanoa jembe kabla ya kwenda shamba la kijiji. Hamisa alikuwa mke mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na aliniita dada. Tulisikilizana.

Kisha akaota uvimbe shingoni. Hospitalini Dar es Salaam wakasema ni saratani ya tezi, wakamchoma sindano za mshipa kwa miezi mitano. Uvimbe uliisha. Lakini dawa ile ile iliyoua uvimbe iliumiza mishipa ya fahamu, akarudi miguu imekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi vifundoni. Alisema anapotembea anahisi kama anakanyaga godoro.

Bwana Hiza, mganga wa zahanati yetu, alisoma barua ya hospitali, akamwambia mume wetu: "Bwana Mdoe, huyu asilazwe. Atembee kila siku, kidogo kidogo, mtu amshike. Na asikanyage chini bila viatu. Akichomwa na mwiba hatajua."

Mdoe akaenda Handeni mjini, akarudi na raba nyeupe. Tangu hapo kila asubuhi alimshika Hamisa mkono, wakaenda hadi kisimani na kurudi. Mkono kwa mkono, mchana kweupe, watu wanaona!

Mnajua wenyewe, kwetu mume hamshiki mke mkono njiani. Miaka kumi na minane ya ndoa, watoto watano, sikuwahi kushikwa hata kidole. Nilipokuwa na mimba ya Mwantumu na ndoo kichwani, Mdoe alitangulia mbele kama hanijui. Na raba je? Mimi nilitembea pekupeku. Wivu uliniwaka. Nikiwaona wanarudi, Hamisa akicheka kwa kuwa amefika mbali kuliko jana, nilisonga ugali mpaka mwiko ukakatika.

Wala sikumtukana. Ningemtukana mngenijua mapema. Nilimwendea Mdoe kwa sauti ya huruma.

"Baba Mwantumu, mgonjwa gani anatembezwa? Watu wanasema unamtesa. Balozi wa nyumba kumi naye anauliza mbona siku hizi unachelewa shambani. Niachie mimi nimuuguze."

"Lakini Bwana Hiza kasema atembee."

"Bwana Hiza hana wake wawili. Mgonjwa ni kupumzika."

Akakubali. Tena akanishukuru, ndugu zangu!

Nikamlaza Hamisa. Uji kitandani, maji ya kunawa kitandani. Akisema, "Dada, leo nitoke kidogo," nilimjibu, "Lala mdogo wangu, nguvu zirudi." Majirani wakawaambia wake zao waje wajifunze kwangu. Na zile raba, kwa kuwa hazina kazi, nikazivaa mimi kwenda kisimani. Zilinibana. Nilitembea taratibu ili zionekane.

Ikapita miezi miwili. Mapaja ya Hamisa yakakonda, akisimama magoti yanatetemeka. Niliyaona hayo, nikajiambia ni ugonjwa.

Asubuhi moja narudi kutoka kisimani, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Siku hiyo hatukuwa na nyama. Nikaingia jikoni, nikamkuta Hamisa amesimama pekupeku, ameshikilia nguzo, uso umejaa furaha.

"Dada, tazama! Nimetoka kitandani mpaka hapa peke yangu. Najizoeza nisikuchoshe tena."

Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kaa la moto. Moshi ulitoka chini ya unyayo, naye anacheka.

Mdoe alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mimi nikikimbia nyuma. Bwana Hiza akasafisha kidonda, kisha akayashika yale mapaja, akakunja uso.

"Huyu alikuwa hatembei?"

"Alikuwa anapumzika," nikasema.

"Nani kampumzisha? Miguu ya ganzi ukiilaza, hata nguvu iliyobaki inakwisha. Ikitembezwa, mtu anajifunza tena kusimama imara. Na viatu vyake viko wapi?"

Mdoe akaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevivaa.

"Msimseme dada," Hamisa akasema. "Nilimwazima mimi."

Hakuniazima. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Hamisa nilikuwa mimi, naye bado ananifunika. Nikavivua pale pale, nikalia mbele za watu.

Alipoteza vidole viwili, na kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Bwana Hiza aliporuhusu, nilimvalisha raba kwa mikono yangu, nikajaza kitambaa palipokosa vidole, nikamshika mkono. Siku ya kwanza tuliishia mlangoni. Mavuno yalipofika tulikuwa tunafika kisimani. Sasa anatembea na fimbo, anapalilia mchicha wake, na kila jioni nazikagua nyayo zake kwa kibatari.

Wivu haujanitoka wote. Juzi Mdoe alimpa Hamisa mkono avuke mtaro, moyo ukanichoma. Nikanyoosha na mimi mkono wangu. Mdoe akatazama huku na huku kama mwizi, kisha akaushika.

FUNZO

Aliyepata ganzi kwa sindano za saratani msimfungie kitandani mkadhani mnampenda. Atembezwe kadiri ya nguvu zake na kama mganga wake alivyoagiza, avae viatu, na nyayo zake zikaguliwe kila siku. Nawe unayeuguza, jiulize huruma yako imetoka wapi. Mimi niliidhoofisha miguu ya mwenzangu kwa uji na maneno matamu, na kijiji kizima kikanipigia makofi.