Vitambaa kwenye Kamba ya Kisima

Bi Kisima aliamka kabla ya jua. Akafungulia mbuzi. Akaisalimu ndoo, "Habari za asubuhi, mwenzangu?" Ndoo haikujibu. Mbuzi nao, wasio na adabu, walimgeuzia mikia wakaenda zao malishoni.

Watu walimpa jina hilo kwa sababu kisima chake hakikuwahi kukauka. Siku hizi waliomwita hivyo walikuwa wachache. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yake aliolewa mbali. Majirani wanne walihama baada ya kulipwa na kampuni ya gesi, na milango yao ilifungwa kwa waya. Ukisimama uani kwake uliona nyasi tu, mpaka macho yachoke. Upweke ulimkaa kifuani. Hakumwambia mtu, maana hapakuwa na wa kumwambia.

Ila siku ya Ijumaa. Kila Ijumaa alikuja afisa wa kampuni, kijana mpole mwenye mkoba mweusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kijana alikunywa maji vikombe viwili. Aliuliza habari za mbuzi, tena mmoja mmoja. Aliuliza hata habari za goti lake. Mwishoni alitoa karatasi.

"Ni dole gumba tu, mama. Tutachimba pale, hatua mia mbili kutoka kisimani. Hutasumbuliwa."

Bi Kisima hakukataa wala hakukubali. Alimpiga kalenda makusudi, ili arudi. Lakini Ijumaa iliyopita kijana alisema, "Wiki ijayo ndiyo mwisho, mama. Usipoweka dole, sitatumwa tena huku."

Moyo wa Bi Kisima ukashtuka. "Nitaweka, baba," akasema. "Wewe njoo tu."

Jumatano, pikipiki ikasimama uani. Mwanamke akavua kofia ngumu na kuamkia. Alikuwa fundi wa maji, ametumwa na ofisi ya maji kukagua visima vyote vya uwanda ule wa nyasi. Aliposikia habari ya karatasi, aliketi chini kabisa.

"Mama, ulisomewa karatasi hiyo?"

"Alinieleza."

"Kueleza si kusoma. Ngoja nikuonyeshe." Fundi akachora mavumbini kwa kijiti. "Hapa juu ni nyasi. Hapa chini ni maji yako. Gesi iko huku, chini zaidi. Bomba lao lazima lipite kwenye maji ndipo liifikie gesi. Hulizungushia saruji. Saruji ikipasuka, gesi na maji ya chumvi hupanda, yakaingia kwenye maji unayokunywa."

"Lakini ni hatua mia mbili!"

"Maji ya chini ya ardhi hayahesabu hatua, mama. Hayana ua wala mlango. Wewe na watu wote wa uwanda huu mnakunywa maji yale yale. Na yale machafu yanayotoka kwenye uchimbaji, yakimwagika, nyasi hufa. Hazirudi upesi. Mbuzi watakula nini?"

Bi Kisima akasema polepole, "Yule kijana ndiye mtu pekee anayekuja kuniona."

Fundi hakucheka. "Najua, mama. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na yakichafuka huko chini, hakuna wa kuyasafisha."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiweke dole kwenye neno usilosomewa. Mimi nitachukua maji haya yapimwe maabara kabla ya uchimbaji kuanza. Yakiharibika baadaye bila kupimwa, watasema yalikuwa hivyo tangu zamani. Halafu uje kwenye kikao cha wananchi kuhusu gesi hii mwezi ujao, useme kwa mdomo wako. Je, una kumbukumbu yoyote ya kisima hiki?"

"Mimi? Sijui hata kuandika."

Fundi akatoa kamba yake ya kupimia. Bi Kisima akaitazama, akacheka kidogo. "Marehemu naye alikuwa na yake."

Akaingia ndani, akatoka na kamba nene yenye jiwe mwishoni. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mumewe aliteremsha jiwe hadi chini ya kisima. Alipoivuta kamba, pale ulipoishia unyevu alifunga kipande cha shati lake kuukuu. Vipande vilikuwa kumi na tisa, na vyote vilikaa karibu karibu, ndani ya shibiri moja.

Fundi alivigusa kimoja kimoja. "Mama, hii ni kumbukumbu ya miaka kumi na tisa. Maji hayajashuka. Kwa nini hukuendelea kupima alipofariki?"

"Ningepima nimpe nani majibu?"

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Waliteremsha jiwe pamoja. Unyevu uliishia palepale kwenye vitambaa. Bi Kisima akaingia tena ndani. Shati la mwisho la mumewe lilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Alilishika kitambo, kisha akalichana. Alilia wazi, bila kujificha, na fundi akamshikia kamba alipofunga kipande cha ishirini.

Ijumaa kijana akaja. "Kwanza nisomee, baba," Bi Kisima akasema. "Neno kwa neno."

Kijana akasoma. Alipofika katikati, sauti ikapungua. "Mwenye kisima... hatadai chochote... maji yakiharibika."

"Ningekuwa mama yako, ungeniambia niweke dole?"

Kijana akainamisha kichwa. Akakunja karatasi, akaaga kwa heshima, akaondoka. Hakurudi tena.

Kwenye kikao, Bi Kisima alitandaza kamba juu ya meza. Wafugaji walisimama kuitazama. Wataalamu wakaleta majibu ya maabara: maji ni safi, na visima vyote vya uwanda vinategemea maji hayo hayo. Baada ya miezi miwili uamuzi wa serikali ukatoka. Hakuna kuchimba gesi katika uwanda ule.

Mvua ilinyesha, nyasi zikapanda hadi magotini. Kiangazi kilipofika, wafugaji walileta ng'ombe wao kunywa kwa Bi Kisima, wakakaa wiki mbili, wakaondoka. Jirani mmoja alirudi na kufungua waya mlangoni kwake. Mmoja tu. Ijumaa zilibaki kimya, na Bi Kisima hakuona aibu kukiri kwamba alimkumbuka yule kijana.

Lakini sasa alipima maji kila mwezi, kwa sababu fundi alitaka majibu. Alipima, akapiga simu.

"Maji yako palepale, mwanangu."

"Vizuri sana, mama. Nimeandika. Asante."

"Subiri, usikate." Bi Kisima alishika simu kwa mikono miwili. "Umeniuliza habari za maji. Sasa niulize na zangu."

Fundi akauliza, "Habari zako wewe, mama?"

Bi Kisima akavuta kigoda, akaketi vizuri, akaanza kusimulia.