Mteremko wa Subukia

Siku Jepkosgei alipokwenda kununua pikapu, Nakuru ilikuwa imeamkia upepo. Vumbi jeupe la ziwani lilitanda juu ya mabati ya Bondeni, na akina mama wa sokoni walikuwa wamejifunga leso puani. Akoth, mwenzake wa biashara ya viazi, alimsindikiza mpaka kwenye kona ya reli, akamshika mkono.

"Usilainishwe na maneno matamu," Akoth alimwambia. "Hiyo pesa si yako peke yako."

"Najua ni ya nani," Jepkosgei akajibu.

Ilikuwa ya akina mama wote wa viazi. Misimu mingi walikuwa wakikodi malori ya watu, na wenye malori walikuja walipojisikia. Viazi vya Bahati na Subukia vilioza kando ya barabara huku wenyewe wamekaa juu ya magunia wakingoja mngurumo usiokuja. Mwisho wakasema basi, wakachanga, wakamtuma Jepkosgei kwa sababu ndiye pekee kati yao aliyejua kuendesha. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu kule Rongai. Wanaume walipochukuliwa vitani, mwenye shamba hakuwa na la kufanya, akampandisha mke wa dereva kwenye trekta. Vita vilipokwisha, wanawake wakaambiwa warudi jikoni. Jepkosgei hakurudi. Alikwenda kuomba leseni, akafukuzwa. Akaenda tena, akafukuzwa tena, mpaka siku waliyochoka kumfukuza.

Gereji ilikuwa ya Mohinder, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, mzaliwa wa Nakuru. Fundi wake aliitwa Owino, mtu wa makamo, wa maneno machache. Pikapu yenyewe ilikuwa imeegeshwa uani, ya kijani, imepigwa rangi juzijuzi na inang'aa.

Jepkosgei hakuitazama rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Vizuri, kwa kuwa muuzaji mjanja huiamsha injini alfajiri ili isimwaibishe mbele ya mteja. Akainama kutazama kama kuna mafuta yaliyodondoka, akayatikisa magurudumu, kisha akanyoosha mkono aletewe ufunguo.

"Wacha niwashe mimi, mama," Mohinder akasema.

"Nitakayeendesha ni mimi. Basi niwashe mimi."

Injini iliitika mara moja. Wakazunguka mji, Owino amekaa nyuma kwenye bodi na kisanduku chake cha vyuma, Mohinder kando ya dereva. Breki zilishika. Gia ziliingia bila kugombana. Moyo wa Jepkosgei ukaanza kuipenda pikapu ile kabla hajaupa ruhusa.

"Umeona?" Mohinder alitabasamu. "Sasa turudi tumalize maneno."

"Bado. Mahali tambarare hata mkokoteni huenda vizuri. Twende Subukia."

Tabasamu likamtoka Mohinder usoni. "Barabara ya Njoro nzuri zaidi, mama. Twende Njoro."

"Viazi vyangu havitoki Njoro."

"Basi tupande kidogo upande wa Menengai. Pale pia kuna kilima."

"Bwana Mohinder," Jepkosgei akasema, akizima injini katikati ya barabara. "Mbuzi hushikwa mgongo kwanza, ndipo anunuliwe. Gari nalo hushikwa mgongo mlimani. Kama hii haiwezi kuteremka Subukia na kupanda tena, niambie sasa hivi, nirudishe pesa za watu."

Mohinder alitazama mikono yake. Kule nyuma Owino aliacha kupiga mluzi.

"Haya," Mohinder akasema mwishowe. "Lakini ni wewe umetaka."

Mpaka Bahati safari ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa limetoka, pareto zimechanua mashambani, na pikapu ilipanda bila kulalamika. Jepkosgei akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akiyapanga magunia akilini. Kadiri walivyokaribia ukingo wa mlima ndivyo Mohinder alivyoushika mlango kwa nguvu, mpaka kucha zake zikawa nyeupe.

Juu kabisa, pale barabara inapoanza kuangukia bondeni, walikuta ukungu. Mchana kweupe. Umesimama wima kama ukuta, na ndani yake hakukuwa na ndege wala ng'ombe wala upepo. Jepkosgei akarudisha gia ya pili, akaingia.

Hawakwenda mbali. Pikapu ikazama.

Springi za nyuma zililia, halafu zikanyamaza kama mtu aliyebebeshwa mzigo akakata tamaa. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, vile unavyokuwa mwepesi gari likijazwa nyuma. Jepkosgei aliwahi kuvuta tela za mahindi mvua inanyesha. Uzito aliujua. Huu ulikuwa uzito wa mzigo mzima, na pikapu ilikuwa tupu.

Kioo cha nyuma kikagongwa. Alikuwa Owino. Jepkosgei akasimamisha gari.

Owino hakuruka chini kama afanyavyo fundi. Aliteremka polepole, amejibana mabega, akiinua mguu mmoja na kutafuta mahali pa kuuweka, kama mtu anayepita katikati ya watu waliokaa. Akaja upande wa Mohinder, akafungua mlango.

"Sogea nikae," akanong'ona.

"Kuna nini?" Jepkosgei akauliza.

Owino akajibana kando ya Mohinder, akavuta mlango. "Nyuma kumejaa, mama."

Jepkosgei akageuka, akatazama kupitia kioo. Mbao tupu. Gurudumu la akiba. Kisanduku cha Owino hakikuwa pale alipokiacha. Kilikuwa kimesukumwa mpaka pembeni kabisa, kama kinavyosukumwa na miguu ya wengi.

"Waheguru," Mohinder alikuwa akimwita Mungu wake kwa kunong'ona, macho kayafumba. "Waheguru, Waheguru. Geuza gari, mama."

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Geuza kwanza."

"Sigeuzi. Ilikuwa ya nani?"

Mohinder akaeleza bila kufungua macho, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. Ilikuwa ya mkulima mmoja mzungu wa huku bondeni. Wakati ule watu wakikamatwa ovyo ovyo kwa ajili ya kiapo cha kudai ardhi, mkulima yule aliwapakia wafanyakazi wake nyuma usiku, na jamaa zao, wakubwa kwa wadogo, akasema anawapeleka Nakuru wakahojiwe. Pikapu ilifika Nakuru asubuhi. Ilifika imeoshwa. Hakuna aliyewaona tena wale watu, na mkulima hakukaa. Aliuza, akapanda meli kwenda kwao.

"Na wewe ukanunua," Jepkosgei akasema.

"Nilinunua. Sikuuliza. Nimeiuza, wakairudisha. Nimeiuza tena, wakairudisha tena. Mjini inatembea vizuri. Ni huku tu."

"Ukaona uniuzie mimi. Mwanamke hatakwenda mbali, si ndiyo?"

Na hapo, juu ya paa la kebini, pakagongwa.

Ngo. Ngo.

Kila aliyewahi kupanda lori la mizigo anaijua sauti hiyo. Ni abiria anayemwambia dereva: nimefika.

"Wanataka kushuka," Owino akanong'ona.

"Usisimame!" Mohinder alimshika Jepkosgei mkono. "Wote wakisikia hivyo hugeuza. Geuza!"

Jepkosgei alitaka kugeuza. Asingesema uongo baadaye, alitaka. Lakini akaikumbuka miaka yote aliyogonga mapaa ya malori ya watu. Akagonga, na dereva akasikia, na dereva akapita makusudi, akamteremsha mbele huko gizani na mzigo wake kichwani, turniboi, msaidizi wa dereva, akicheka. Hasira ikapanda kutoka tumboni, ya moto, na woga ukakosa pa kukaa.

"Mimi nikigongewa nasimama," akasema. "Niachie mkono."

Akaachia breki. Wakateremka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ukungu ukawa mzito. Mawe yalilia chini ya magurudumu. Kwenye kona ya mwisho ikatokea safu ya mikaratusi, kisha lango lenye mnyororo, na nyuma ya lango miduara myeusi ardhini, mmoja kando ya mwingine. Vibanda vilivyochomwa.

Ngo ngo ngo ngo ngo. Paa zima. Kama mvua ya mawe.

Jepkosgei akakanyaga breki. Injini ikazimika yenyewe. Mgongo wa gari ukanyamaza.

Akafungua mlango. Mohinder alimwomba kwa macho. Owino alikuwa ameficha uso. Jepkosgei akashuka, akazunguka hadi nyuma, akasimama mbele ya bodi tupu, mikono kiunoni kama mtu anayegombania bei.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi naitwa Jepkosgei. Mimi si yule mzungu. Mkono wangu haukuwapakia. Sina deni lenu, na hamtanifukuza kama mlivyowafukuza wenzangu. Nimekuja kununua gari, na nitalinunua. Lakini sitambeba mtu nikampitisha kwao. Hapa ndipo kwenu? Basi shukeni."

Akavuta komeo za mlango wa bodi, akauangusha. Chuma kikapiga chuma. Sauti ikarudi kutoka kila upande wa ukungu.

Kimya.

Kisha springi moja ikalia, na pikapu ikainuka kidogo.

Ikainuka tena.

Nyasi za kando ya barabara zikalala chini, mahali pa unyayo. Halafu mbele yake, mahali pengine. Pakanuka moshi wa jikoni na blanketi lililolowa. Mtu akakohoa, kikohozi cha mzee, karibu kabisa na sikio lake. Jepkosgei hakusogea. Kitu kikamgusa bega. Kilikuwa baridi, na kilikuwa cha upole, kama mkono wa mtu anayejishikilia asianguke anaposhuka. Akaliacha bega lake pale mpaka kikatoka.

Pikapu iliinuka, na kuinuka, hadi ikasimama sawasawa. Mnyororo wa lango ukacheza. Hakuna aliyeugusa.

Alifunga bodi mwenyewe. Alipowasha, injini iliitika kama ilivyoitika gerejini. Wakapanda mlima ule, na pikapu ilikuwa nyepesi mno hata ikamfanya Owino acheke ghafla, kicheko kilichogeuka kilio kabla hakijaisha. Huko juu jua lilikuwa linawaka. Ukungu haukuwepo.

Gerejini, Mohinder alimtupia ufunguo mezani. "Ichukue, mama. Sitaki kitu. Ichukue tu."

"Ya bure sichukui," Jepkosgei akamwambia. "Nitalipa ilivyo haki yake. Lakini na wewe una la kulipa. Kila atakayekuuliza pikapu hii ilitoka wapi, utamweleza kama ulivyonieleza mimi. Yote. Na macho wazi."

Mohinder akainamisha kichwa. Watu wa Nakuru wanasema alilitimiza.

Jepkosgei naye hakunyamaza. Aliisimulia habari ile sokoni kwa sauti, viazi mkononi, siku zile ambazo watu walisimulia mambo kama hayo chini ya blanketi tu. Inspekta mmoja akaja kumwonya aache kuchochea watu kwa uvumi. Akina mama wote wakaacha kuuza, wakamtazama.

"Kama ni uvumi, bwana Inspekta," Jepkosgei akasema, "njoo nikupeleke Subukia ukajionee. Ila mbele pamejaa. Wewe utakaa nyuma."

Inspekta akatazama pikapu. Akatazama saa yake. Hakurudi tena.

Biashara ikashika. Viazi havikuoza tena barabarani, na wenye malori walianza kumwamkia Jepkosgei kwa heshima. Kila alipopita kwenye ile mikaratusi mteremko ulikuwa mteremko tu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi kali. Akoth alikuwa ametangulia uani kupakia magunia. Jepkosgei akamsikia akimwita, si kwa kelele, bali kwa sauti ya chini.

Umande ulikuwa umelowesha kila kitu: paa, boneti, mbao zote za nyuma. Ila mahali pamoja. Nyuma ya kioo cha dereva, penye kona, mbao zilikuwa kavu. Hapakuwa pakubwa. Ukitazama vizuri uliona mahali pa makalio na pa nyayo mbili, karibu karibu, kama mtoto aliyekaa amekumbatia magoti, ameegemea kebini usiku kucha.

Akoth akashika kitambaa apafute. Jepkosgei akamzuia mkono.

Siku hiyo alikwenda Subukia peke yake. Akasimama penye lango, akaangusha bodi, akangoja mpaka jua likapanda utosini. Aliita kwa upole kwa lugha zote alizozijua. Springi hazikulia. Nyasi hazikulala.

Akafunga bodi, akarudi mjini taratibu, akiyakwepa mashimo.

"Pangeni magunia upande huu," akawaambia wenzake jioni. "Pale paacheni."

Wakapaacha. Pikapu ile iliishi miaka mingi mikononi mwake, ikabadilishwa injini, ikabadilishwa rangi, hata mbao zenyewe zikang'olewa na kuwekwa mpya. Mvua za masika ziliipiga bila turubai. Na kila zilipokatika, kwenye kona ile nyuma ya kioo, mbao mpya zilikuwa kavu, na pakiguswa kwa kiganja palikuwa na joto.