Feni Isiyozunguka

Norman alinituma feni. Si feni ya kupepea nyumba, hapana, feni ndogo tu ya kutoshea kwa kiganja, ile ya kupoza prosesa ya kompyuta. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba 2005, saa kumi na mbili na nusu, giza linaanza kushuka Luthuli Avenue na wenye maduka wanavuta milango yao ya chuma, na mimi nina Wamucii mgongoni, miaka mitatu, mzito kama gunia, amelala.

Mnielewe. Mume wangu si mtu wa pombe wala wa wanawake. Kitu chake kilikuwa ile kompyuta. Hakutaka ya kununua ikiwa tayari, alitaka ya kujiundia kwa mikono yake, ya kuchezea gemu, ya kwanza maishani mwake. Miezi minane alikusanya vipande. Kasha jeusi lenye kioo ubavuni, prosesa ya Pentium 4, kadi ya picha aliyoitoa Hurlingham, huko kazini kwake, akiwa ameikumbatia ndani ya koti kama yai. Vyote vimepangwa juu ya meza yetu pale Kileleshwa, na sisi tunakula tukiwa tumepakata sahani. Kilibaki kitu kimoja. Bila feni, alisema, prosesa inajichoma kwa dakika moja.

"Nenda kwa Ebrahim," aliniambia kwa simu. "Mwambie ni ile ya Norman. Ataelewa."

Ebrahim nilimkuta tayari ameshika kufuli.

"Ya Norman iliisha leo mchana, Mama Wamucii. Pole sana. Njoo Alhamisi."

"Alhamisi? Huyo mtu hatalala, Ebrahim!"

Akacheka. "Bwana yako ameoa kompyuta. Wewe ni mke wa pili siku hizi." Halafu akaangalia juu, kwa zile ngazi za kando ya duka lake, na akashusha sauti. "Ghorofa ya tatu kuna mzee anauza vitu vya zamani. Mimi sijawahi kununua kwake. Lakini jaribu."

Heri ningengoja Alhamisi. Mungu ni shahidi, ningengoja tu Alhamisi.

Ngazi hazikuwa na taa. Nilipanda nikishika ukuta, na kadiri nilivyopanda ndivyo harufu ilivyozidi... harufu ya nywele zikishikwa na pasi. Juu kabisa mlango ulikuwa wazi. Ndani mzee mwembamba amekaa nyuma ya meza, amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Julai ni baridi, sawa. Lakini baridi ya chumba kile haikuwa ya Julai. Ilikuwa ile ya kuchungulia ndani ya friji.

Hakuniuliza nataka nini. Alivuta droo, akaweka feni mezani.

"Pentium," akanong'ona.

"Inafanya kazi?"

"Hakuna mtu amewahi kuirudisha."

Akafungua kitabu cha risiti, akatoa na kile kijikaratasi cha garantii wanachobandika kwa vipuri. "Niandike jina gani?"

Sasa hapa. Tangu nizae, hakuna mtu Nairobi ananiita Wangeci. Kwa mama mboga mimi ni Mama Wamucii, kanisani ni Mama Wamucii, hata mamangu mzazi ananiita hivyo. Kwa hivyo nilijibu bila kufikiria.

"Mama Wamucii."

Akaandika polepole, kwenye kitabu, halafu kwenye kijikaratasi. Nikachungulia. Alikuwa ameandika Wamucii peke yake. Mama ameiacha.

Niliona. Nikalipa. Nani hubishana na risiti?

Mgongoni mtoto akashtuka, mara moja tu, kama mtu aliyewekewa mkono baridi shingoni. Halafu akalala tena.

Jioni hiyo hiyo Norman aliifunga feni, akapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, akakaza skrubu nne, akawasha. Skrini ikawaka buluu. Alipiga kelele kama amepata mtoto wa pili. "Cheki! Mama Wamucii, cheki!" Gari la mashindano likaanza kunguruma kwenye spika. Halafu akainama kwenye kioo cha ubavuni.

"Ngoja. Hii feni haizunguki."

Kweli. Ilikuwa imetulia tuli. Alinyoosha mkono azime haraka, lakini kwanza akagusa chuma kwa kidole. Akaacha kidole hapo. Akanitazama.

"Ni baridi," akasema.

Jumapili rafiki yake Jeremy alikuja kuona. Akaweka kiganja kizima juu ya kasha. "Manze Norman, hii si kompyuta, ni friji! Weka soda humo!" Wakacheka, wakacheza saa nne mfululizo, na kasha halikupata joto hata la kikombe cha chai.

Mimi nilikuwa chumbani, nambadilisha Wamucii nguo mara ya tatu.

Mtoto alikuwa anaungua.

Ikawa hivyo kila siku. Mchana Norman akiwa kazini, mtoto anatetemeka chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Jioni Norman akirudi, moto. Kila mtu akasema malaria, si ndivyo malaria hufanya, baridi na moto, baridi na moto? Tulipima mara tatu. Hakuna malaria. Na kila siku baridi ilikuwa kali zaidi ya jana, na moto vilevile.

Alhamisi ya wiki ya pili stima ilipotea Kileleshwa nzima. Norman akalaani gizani. Na mimi, mkono wangu ukiwa kwenye paji la mtoto, nikasikia moto unaondoka. Hivi hivi, kama maji yanayoteremka kwenye sinki. Stima iliporudi, gari likanguruma tena huko sebuleni, na Wamucii akapiga mayowe.

Nilijiambia nimechoka. Nilijiambia mambo mengi.

Ijumaa akalazwa, hospitali moja kule Upper Hill. Jumamosi asubuhi Shosho akafika kutoka Kikuyu na chupa ya uji. Huyo ni mama yake Norman, na Wamucii wetu amepewa jina lake, maana kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Norman humwita mtoto "mamangu". Shosho humwita "wajina". Nilipojifungua, huyu mama alikuja akakaa na mimi miezi mitatu, akifua nepi kwa mkono kwa maji baridi, na hata siku moja hakuwahi kuninung'unikia. Akachukua mtoto, akamlaza kifuani. "Lete wajina wangu. Nani amekuchemsha hivi, eh?"

Nikatoka kwenye korido nikampigia Norman. Nyuma ya sauti yake nilisikia gari.

"Unafanya nini?"

"Nacheza kidogo, nitoe mawazo. Nakuja saa sita."

"Zima."

"Wacha nimalize hii..."

"Norman, zima!"

Ngurumo ya gari ikakatika. Nikarudi ndani nikaweka mkono kwenye paji la mtoto. Dakika moja. Mbili. Ya tano, jasho. Nesi, Nakhumicha jina lake, akasoma kipimajoto akatabasamu. Thelathini na saba. Nikakaa sakafuni nikalia kwa furaha.

Halafu thelathini na sita.

Halafu thelathini na tano. Nakhumicha akaacha kutabasamu, akaleta blanketi, akaleta nyingine mbio. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

"Washa!" nilipiga kelele kwenye simu. "Norman, washa!"

"Mama Wamucii, umechoka. Lala kidogo..."

"Nakuomba. Washa."

Akawasha. Midomo ikarudi. Na baada ya hapo, polepole, moto ukaanza kupanda tena.

Nilimwambia Shosho amshike mtoto, naenda mjini. Hakuuliza kufanya nini. Alisema tu, "Enda mwanangu. Mimi niko."

Sikutegemea kumkuta yule mzee. Katika hadithi za watu, ukirudi duka huwa halipo, unakuta ukuta na utando wa buibui. Yeye alikuwepo. Makoti mawili, meza, kitabu. Mchana mweupe, Jumamosi, huko chini watu wanauziana redio.

"Chukua feni yako," nikasema.

"Ukinirudishia feni, unanirudishia na mtoto."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lilinitisha, ule upole.

"Umemfanya nini?"

"Mimi? Mimi nauza feni, mama. Joto haliishi. Haliwezi kuisha. Linahama tu, linatafuta mahali pa kukaa. Mimi naandika mahali."

"Basi futa jina. Andika langu. Naitwa Wangeci. Andika Wangeci!"

Akafungua kitabu, akanigeuzia. Ukurasa ulikuwa umejaa majina hadi pembeni. Majina ya watu. Mengine wino wake umefifia kabisa, umebaki mkwaruzo.

"Hapa jina halifutwi. Haliongezwi."

Nikapiga magoti. Nilipiga magoti kwa ile sakafu, nikashika mguu wa meza, nikalia mpaka nikakosa sauti. Yeye alingoja. Kisha akauliza, kama mtu wa ofisi anayetaka kumaliza fomu:

"Kwenu jina haliokotwi barabarani. Huyu alipewa la nani?"

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Mwenyewe yuko hai?"

Nilijua tayari anauliza nini. Msiseme sikujua. Nilimwona Shosho na chupa ya uji, nikaziona zile nepi kwenye kamba. Na nikaona midomo ya mtoto wangu.

"Yuko," nikanong'ona.

"Kitabuni ni Wamucii tu. Niambie ni yupi."

...

"Yule mkubwa."

Hakuandika chochote. Aliitikia kwa kichwa, akafunga kitabu.

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia. Ilikuwa ile simu ndogo Norman aliyomnunulia mamake.

"Mama Wamucii!" Sauti ya Shosho ilikuwa imejaa kicheko. "Rudi uone maajabu! Wajina ameamka, anaitisha chapati! Nesi anasema joto limeshuka lote mara moja. Mungu ni mwema!"

"Ni mwema, Shosho," nikasema.

"Ni mwema sana." Nikamsikia anahema. "Hata mimi wacha nitoe hiki kikoti. Humu ndani kumeanza joto."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Wamucii anaruka kitandani, anamaliza sahani, anatusi paka wa jirani. Shosho tulimleta Kileleshwa akae karibu na madaktari, wao wanasema ni umri, wanasema labda ni malaria isiyoonekana. Norman anajua dawa za hospitali ndizo zilimponya binti yake. Na mama yake akiwa mgonjwa hivi, gemu ndiyo inamtuliza, ananiambia, asipocheza atapasuka.

Akicheza sana, mamake anaungua. Akizima sana, anaganda. Mimi ndiye najua dakika. Namwambia, Norman, njoo ule. Namwambia, Norman, hebu cheza kidogo upumzike, na yeye ananishukuru, anawaambia wenzake kazini hakuna mke kama wangu. Akiwa kazini naiwasha mwenyewe, nakaa mbele ya skrini na saa mkononi. Mwanzo zilikuwa dakika arobaini kuwasha, arobaini kuzima. Wiki iliyofuata thelathini. Juzi zilikuwa ishirini.

Jana jioni Norman alikuwa anacheza, nami nimekaa kitandani kwa Shosho nikimpangusa na kitambaa chenye maji. Kitambaa kilikuwa kinakauka mkononi mwangu. Akanishika kidole.

"Usilie, mwanangu. Unanitunza kuliko mtoto wa tumbo langu."

Nikageuza uso.

Wamucii akaingia mbio, akapanda kitandani, akajilaza kifuani kwa nyanyake kama kawaida yake. Shosho akaweka mkono mkavu juu ya kichwa chake.

"Mimi kwenda siogopi," akasema polepole, anatabasamu. "Mtu aliye na wajina hana mwisho. Nikienda, jina langu lote linabaki kwa huyu."

Huko sebuleni Norman akapiga kelele ya ushindi.

Nikaangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika sita.