Kompyuta ya Kazi Haiazimwi

Kila asubuhi Salote huchemsha muhogo, humpa mama yake chai, kisha huketi kwenye meza ya sebuleni, nyumbani kwao Nausori. Hapo hupokea simu za zahanati iliyoko Auckland na kuwapangia wagonjwa miadi. Majina na maradhi yao yamo katika kompyuta aliyokabidhiwa na zahanati hiyo.

Jumamosi moja alikuja binamu yake, Semi.

"Kerekere, dada. Nataka kutazama raga kidogo tu."

Kwetu Fiji, ndugu akisema kerekere, yaani naomba, hanyimwi. Salote akampa kompyuta, na neno la siri akamtajia.

Semi akapakua programu ya kutazamia mechi bure. Jumatatu kompyuta ikakataa kufunguka. Msimamizi wa Auckland, Bi Heather, akapiga simu.

"Programu ile ilikuwa ya wezi. Tumewawahi, na programu tumeiondoa. Ikitokea tena, Salote, kazi huna."

Jioni Salote alikwenda kwa jirani yake, Bwana Rajnesh, fundi wa kompyuta chuoni.

"Neno lako la siri ni lipi?" akauliza Rajnesh.

"Ni jina la mama na—"

"Nyamaza. Umeanza tena. Hata mimi usiniambie. Weka jipya, refu, usilolitumia kwingine. Kisha washa kinga ya pili: kila ukiingia, simu yako iletewe namba. Mwizi akilijua neno, atakwama kwenye namba. Ukiinuka hata kwenda jikoni, ifunge. Kompyuta ikitaka kusasishwa, isasishe."

"Na ndugu zangu?"

"Hao siwawezi. Hao ni wako."

Salote akafanya yote. Jumatano Semi akaiomba tena kompyuta, akanyimwa. Alhamisi akarudi, safari hii na Mjomba Eroni.

"Mpwa wangu, nasikia siku hizi unanyima," akasema Mjomba. "Mshahara umekupa pembe?"

"Mjomba, omba mkeka ninaolalia, nitakupa. Kompyuta sitoi. Ni mali ya watu, na ndani mna siri za wagonjwa."

"Ukoo mzima utakusema."

"Na useme."

Simu ikalia. Mwanamume akajitambulisha kuwa fundi wa zahanati. "Kuna namba imeingia kwenye simu yako. Nisomee upesi, la sivyo akaunti yako inafungwa."

"Msomee basi, ni mtu wa ofisi," akanong'ona Mjomba.

"Nimemnyima mjomba wangu aliyenibeba mgongoni," Salote akamwambia mpigaji. "Wewe ni nani nikupe?"

Akakata. Akampigia Bi Heather kwa namba aliyoijua mwenyewe.

"Hatukumtuma mtu," akasema Bi Heather. "Namba hiyo haiombwi na fundi wala na mimi. Mwenzako mmoja ameshampa mwizi huyo. Tunaifunga akaunti yake sasa hivi. Yako iko salama. Endelea na kazi."

Mjomba akakuna kidevu.

"Sasa mechi tutatazamia wapi?" akauliza Semi.

"Kwenu," akasema Salote, akapokea simu ya mgonjwa.