Sauti Iliyoita Vipimo

Kipimo kilitoka ndani ya gari kabla yeye hajauliza.

"Inchi kumi na nne kasoro robo. Acha nafasi ya klachi."

Na Fundi Mdogo, msumeno mkononi, akili yote ikiwa kwenye ubao, akajibu kama alivyojibu tangu utotoni: "Nimepata, baba!" Akakata. Kipande kilipoanguka ndipo alipokumbuka kwamba baba yake hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kimpige, na kwamba alikuwa nyuma yake muda wote, kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umepinda upande mmoja.

Watu waliendelea kumwita binti huyu Fundi Mdogo ingawa mvi zilikwisha kumchungulia, kwa sababu Fundi Mkubwa alikuwa baba yake. Wawili hao walifanya kazi kwa mtindo wao. Mmoja alipima na kuita kipimo kwa sauti. Mwingine, aliyekuwa mezani, aliitikia "nimepata" ndipo akate. Bila kuitikia, msumeno haukugusa mbao. Hata chumvi waliombana hivyohivyo wakati wa kula, na wageni wakawacheka.

Gari lenyewe lilikuwa la zile enzi ambazo sakafu ya gari ilikuwa ya mbao. Mwenye gari, daktari mstaafu, alilitoa kwenye banda la babu yake lililofungwa miaka mingi, akataka lirudi kama lilivyozaliwa. Sasa lilisimama katikati ya karakana bila viti, na mbao zake za chini zilikuwa zimeoza hata hazikufaa kuwa kigezo. Kila ubao ulihitaji kupimwa upya: ule unaopanda kwa mshazari chini ya pedali, ule wenye tundu la gia, na ule mdogo unaoinuliwa ili kufikia betri.

Fundi Mdogo alichungulia ndani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Akakijaribu kile kipande mahali pake. Kilikaa sawasawa, bila kuhitaji hata kuguswa na randa.

Kesho yake sauti iliita tena, na kikohozi kile kidogo cha baba kabla ya namba.

"We Kichwa Ngumu, umelala?"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Alicheka na kulia kwa pamoja. Alijua si sawa. Lakini kwa miezi alikuwa akimlisha baba yake, akimwogesha, akiomba kila siku ulimi ule ufunguke, na sasa sauti ilikuwa pale, nzima, yenye mzaha wake wote.

"Nimepata, baba," akasema.

Basi ikawa hivyo. Sauti ikaita, naye akaitikia. Hakujaribu tena vipande kwenye gari. Alivipiga randa na kuviegemeza ukutani. Mzee alianza kukataa uji. Pumzi yake ikawa fupi, ikikwama kifuani. Binti alidhani ni ugonjwa unaendelea na njia yake.

Alasiri moja alikuja mganga, mama mnene mcheshi aliyekuwa akimkanda mzee miguu.

"Haya, bwana harusi, leo tunacheza ngoma gani?" alimtania mgonjwa kama kawaida yake. Kisha akaziona mbao, na utani ukamkauka mdomoni.

"Za nini hizi, mwanangu?"

"Sakafu ya gari, mama."

"Gari gani lenye sakafu ndefu hivi?"

Fundi Mdogo aligeuka kuzitazama, na kwa mara ya kwanza akaziona. Mganga alichukua futi, akaupima ubao mmoja, kisha akaivuta futi ileile kutoka utosini mwa mzee hadi kisiginoni. Akapima mabega. Vipimo vililingana. Fundi aliyewahi kutengeneza jeneza haambiwi.

"Nani kakupa vipimo?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Baba. Yaani... sauti ya baba. Ndani ya gari."

"Ukaiitikia?"

"Kila mara."

"Masikini mtoto! Jini hilo halina pumzi wala sauti yake. Huazima sauti ya mtu, kisha hula jibu. Kila ukiitikia, umelimegea tonge kutoka kwa huyu hapa. Dawa yake ni njaa. Leo litaita sana. Usiitikie, hata likilia."

Walizichoma zile mbao uani, wakarudi kuketi. Giza lilipoanza kuingia karakanani, kikohozi kilisikika. Fundi Mdogo alijitia kitambaa mdomoni, akakiuma. Sauti iliita kipimo, ikangoja. Ikaita kwa mzaha, ikaita kwa ukali, ikaita kwa upole ambao baba yake hakuwahi kumpa hata siku ya kumzika mama, ikasema mwanangu nimechoka kukaa kwenye mwili ule usionisikia, yule kitini ni gunia tu, mimi ndiye baba yako, niitikie mara moja, moja tu, nitoke tukale pamoja, na harufu ya udongo ikapanda hadi ikamjaa kooni, na gari tupu likaanza kuyumba taratibu kama kitanda cha mtu anayelia, na yeye machozi yanamwagika juu ya kitambaa, meno yameng'ang'ania, hadi sauti ile ikawa mnong'ono, kisha kikohozi, kisha kimya.

"Limenyamaza," mganga alisema. Hakusema limeondoka. Akaaga.

Usiku ule mzee alikula uji wake wote, na kifua chake kikapanda na kushuka bila kukwama. Binti alipiga magoti mbele yake.

"Baba, umenichukia? Ilikuwa sauti yako, nami nimeinyamazisha."

Mzee aliinua mkono wake mzima, akauweka juu ya mdomo wa binti yake. Binti alidhani ni msamaha. Kisha akaona macho ya baba yanatazama mlango wa karakana.

"Baba!" sauti iliita kutoka huko. "Baba, uko wapi? Nipe kipimo!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Fundi Mdogo, yenye mkwaruzo wake wa vumbi la mbao. Iliita tena, sasa ikilia. Mtoto alikuwa hapa, amepiga magoti mbele ya mzee, na mzee alimwona. Hata hivyo midomo iliyopinda ikaanza kutetemeka, ikitafuta neno, kwa maana maisha yake yote hakuwahi kumwacha huyu aite bila kumwitikia. Shingo ilimsimama mishipa. Neno halikuja.

Binti alinyanyua mkono wake, akaifunika midomo ile. Na yeye aliyeomba kila siku ulimi wa baba yake upone, sasa akaomba usipone.