Jiwe Jeusi Ndani ya Bakuli

"Dadangu, hicho si kilipuzi. Ni mita ya kupimia joto la maji."

Fairuz aligeuka kumtazama aliyesema. Ofisi ya wakala wa forodha pale Kilindini ilikuwa imejaa pomoni asubuhi hiyo. Madereva wa malori walikuwa wakigombania kaunta, makarani wakipishana na mafaili kwapani, feni ya darini ikizunguka bila kumpoza mtu. Nyuma ya kaunta, Sheryl, karani mwenye kucha nyekundu na maneno makali, alikuwa amelifungua kasha moja kati ya matatu ya chuo cha ufundi, na sasa alikuwa amekishika kile chombo cha chuma kwa ncha za vidole.

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, kofia ya viua kichwani, shati jeupe lililokunjwa mikono. Juu yote yalikuwa sawasawa. Lakini miguuni, katika joto lile la Mombasa, alikuwa amevaa viatu vizito vya baridi vilivyofika juu ya kifundo.

"Nani amekuuliza?" Fairuz akamjibu. Alikuwa amevaa buibui jeusi lenye nakshi za kijani mikononi, na jasho lilikuwa limeshamharibia wanja. Fairuz alikuwa mwalimu wa karakana ya umeme pale chuoni, karibu na Buxton, na hii ilikuwa mara yake ya nne kufuata makasha haya.

"Hakuna aliyeniuliza. Lakini karatasi hizo hamtazisoma mpaka kesho kutwa. Ni Kislovenia."

"Slovakia?" Sheryl akauliza.

"Slovenia. Usijali, wengi huzichanganya. Hata barua zao hupotea."

Fairuz alitaka kununa, akajikuta anacheka. Na kicheko cha Fairuz, kwa mtu asiyekijua, kilikuwa na hatari yake, kwa sababu kilikuja chote kwa mpigo na kumwacha aliyekisababisha akitafuta la kusema jengine.

Jina lake lilikuwa Khubaib. Vyombo vile vilitoka katika chuo kimoja cha mji wa wachimba makaa ya mawe, na yeye ndiye aliyewabembeleza wenyewe wavitume Mombasa badala ya kuvitupa. Alikuwa amekuja likizo ya miezi miwili, akapita bandarini kuuliza kama vimefika. Hakujua kwamba anayevisubiri ana macho kama yale. Alizisoma karatasi moja baada ya nyingine, Sheryl akagonga mihuri, na kufikia adhuhuri makasha yalikuwa juu ya lori.

"Viatu hivyo," Fairuz akasema wakiwa nje, "umekosa vyengine?"

"Sanduku langu lilipotelea njiani. Nimekuja na nilivyovaa."

"Na unakaa wapi?"

"Kwetu Malindi, lakini wazazi wangu hawako tena duniani. Nimefikia Kuze, Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, Bi Ruweida."

"Bi Ruweida wa kichochoro cha madrasa? Sisi tuko nyuma yake! Basi wewe ndiye uliyekohoa usiku kucha juzi mpaka mamangu akasema jirani ana mgeni mgonjwa?"

"Ndiye miye. Mwili umeshangaa kupata joto."

Tangu siku hiyo simu hazikutulia. Fairuz alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi huku simu imebanwa na mtandio, na Khubaib akipiga kutoka darini kwa shangazi yake, ng'ambo ya kichochoro tu. Wangeweza kusikiana bila simu.

"Hebu nambie tena, laazizi," Fairuz alikuwa akimchokoza, "nchi yenyewe ikoje?"

"Ndogo. Watu milioni mbili. Pwani yao yote waweza kuitembea kwa miguu kwa siku mbili."

"Maskini! Na umeme waupata wapi?"

"Mito inawapa kiasi. Wana kinu kimoja cha nyuklia, nacho nusu ni ya majirani zao wa Kroatia. Na kilichobaki ni makaa ya mawe, kutoka bonde moja tu, Velenje, nilikokaa miye. Wamechimba chini mpaka ardhi juu ikadidimia. Nyumba ziliondoka, kanisa likaondoka, mashimo yakajaa maji. Sasa ni maziwa, watu huogelea humo wakati wa joto."

"Na wewe kazi yako kuogelea?"

"Kazi yangu ni hesabu ya joto, mpenzi. Mtambo ule wa makaa hautoi umeme peke yake. Maji yake ya moto hupita kwenye mabomba mpaka majumbani, bonde zima. Serikali imesema kufikia elfu mbili na thelathini na tatu makaa yawe yamekwisha. Haya, siku hiyo mtambo ukizimwa, na nje theluji imefika magotini, nani atawapa wazee joto? Ndiyo twatafuta. Jua, mabaki ya kuni, mitambo ya kuvuta joto kutoka kwenye maziwa yenyewe. Tusipopata, watu watasema heri makaa."

Fairuz aliiweka kalamu chini. Alikuwa amezoea wanaume wanaomwambia ana macho mazuri. Hakuwahi kupata wa kumhadithia mabomba ya maji moto kwa sauti ya mtu anayehadithia ndugu zake, na moyo wake ukaenda wote, asijibakishie hata akiba.

Kisha barua ikaja. Kampuni ya mtambo ule wa makaa ilimtaka Khubaib asaini mkataba mpya, hadi mwaka huo wa thelathini na tatu, na ilitaka jibu kufikia Alhamisi. Fairuz aliambiwa Jumapili alasiri, wakiwa wamekaa kwenye ukuta wa bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, na mfuko wa kachiri za muhogo katikati yao. Sheryl, ambaye kufikia hapo alikuwa rafiki wa damu, alikaa hatua kumi mbali, akijifanya anatazama meli.

"Miaka minane," Fairuz akasema.

"Ningekuja likizo."

"Khubaib, nisikize. Mamangu amebaki na miye tu. Simwachi, na wewe sikungoji miaka minane kwa simu. Nakupenda, na usidhani nasema hivi kwa kukukomoa. Ukisaini, tumeachana. Usiposaini, wajua pa kuleta wazee wako."

Khubaib aliipapasa kachiri iliyokuwa mkononi mwake, hakuila.

"Nikwambie kitu," akasema. "Mwenye nyumba niliyopanga, Mzee Ivan, alichimba makaa miaka thelathini. Siku aliyotoka mgodini kwa mara ya mwisho, alitoka na kipande kimoja mfukoni. Amekiweka dirishani kwake miaka yote. Nilipokuwa naja huku akaja kuniaga kituo cha basi, akatia mkono mfukoni..."

Simu ya Fairuz ikalia. Ilikuwa ya mamake, Bi Mwanakuu, na sauti ilisikika mpaka kwa Sheryl.

"Fairuz! Maji yametoka! Ndoo upesi tujaze mitungi, yatakatika haya!"

Maji ya bomba yakitoka Kuze, hakuna penzi linalokaa chini. Fairuz alishika buibui lake akakimbia, na ile hadithi ikabakia pale ukutani na nusu ya kachiri.

Siku mbili baadaye Bi Mwanakuu alimpelekea Bi Ruweida mbaazi za nazi ndani ya bakuli lake la kauri lenye maua ya buluu, lililobaki peke yake katika seti ya harusi yake. Kuze bakuli la jirani halirudishwi tupu. Utatia maembe mawili, utatia sukari, utatia hata ndimu, lakini utatia kitu.

Alhamisi asubuhi Khubaib alipiga simu Slovenia, akawashukuru, akasema hasaini. Kazi ile aliipenda kweli. Halafu akaosha bakuli, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa leso nyeupe.

"Shangazi, mrudishie Bi Mwanakuu bakuli lake."

"Umetia nini?"

"Fairuz akiona atajua."

Bi Ruweida alikuwa mtu wa adabu, hakufunua. Aliyefunua ni Bi Mwanakuu, akiwa jikoni kwake, na ukelele alioupiga ulimtoa Fairuz chooni na povu la sabuni mikononi.

"Jiwe! Ametutilia jiwe jeusi ndani ya bakuli la harusi yangu! Nimempa mbaazi za nazi, yeye anirudishia makaa! Tumemfanyia nini mtoto huyu?"

Fairuz alilitazama. Lilikuwa jeusi lenye uhudhurungi, limepasuka kama gogo la zamani. Alijua ni nini na lilitoka wapi. Leo ilikuwa Alhamisi. Akaona jibu lake limeshamfikia: Khubaib amechagua mgodi wake, na hakuwa na ujasiri hata wa kulitamka mwenyewe.

"Hakuna kitu, mama," akasema. Akazima simu, akaenda kulia kwa ukamilifu, mlango umefungwa.

Upande wa pili Khubaib alikaa darini akingojea simu ya furaha. Ikapita Alhamisi, ikapita Ijumaa. Alipiga mara kumi na saba. Kwenda mlangoni kwa msichana bila wazee hakuthubutu, shangazi yake angemla nyama. Jumamosi asubuhi akavaa viatu vyake vizito akaenda Buxton, mpaka karakana ya umeme. Fairuz alikuwa peke yake, akipanga zile mita juu ya meza moja moja, mtandio umelegea, macho mekundu.

"Nimekosa nini?" Khubaib akauliza kutoka mlangoni.

"Ati umekosa nini! Ungepiga simu useme umesaini. Ilikuwa lazima umtilie mamangu makaa bakulini?"

"Nimesaini nini? Fairuz, nimekataa! Nimekataa Alhamisi, kabla bakuli halijatoka nyumbani. Na chuo chenu nimeshakiandikia barua, wanataka mtu wa kufundisha vyombo hivi. Nilidhani umelielewa lile jiwe. Si nilikuhadithia?"

"Hukunihadithia!"

"Nilikuhadithia pale Mama Ngina, habari za Mzee Ivan!"

"Uliishia ametia mkono mfukoni! Mama akapiga simu maji yametoka. Mpaka leo huyo mzee wako mkono wake uko mfukoni!"

Khubaib akauegemea mlango. Alirudisha mawazo nyuma mpaka kwenye ule ukuta, akaona ni kweli.

"Alitoa kile kipande, akanipa," akasema polepole. "Akanambia kikosini mwao walikuwa wakifanya hivyo. Anayetoka mgodini moja kwa moja huchukua kipande kimoja, akakiweka nyumbani kwake, ishara kuwa harudi tena chini. Akasema, nawe siku utakayoamua kurudi kwenu moja kwa moja, mpe unayemrudia."

Fairuz akakaa juu ya kasha. Furaha ilimpanda ghafla mpaka akahisi masikio yanawaka. Kisha akaruka wima.

"Yallah! Mama!"

Aliwasha simu, akampigia mamake.

"Mama, lile jiwe umelitia wapi?"

"Jiwe gani? Lile la yule mwendawazimu? Nimelitia motoni. Makaa ni makaa, mwanangu, gunia limepanda bei. Lakini haliwaki, lafuka moshi tu."

Kuze nzima iliwaona siku ile Fairuz na Khubaib wakishuka tuktuk moja mchana kweupe na kukimbia kwenye vichochoro, mmoja akishika buibui, mwengine akipiga vishindo na viatu vya theluji. Waliokuwa barazani walikuwa na la kuzungumza mpaka Magharibi. Uani kwa Bi Mwanakuu moshi ulikuwa umetanda wa rangi ya manjano, na yeye mwenyewe amesimama pembeni, upindo wa leso puani, kipepeo cha kupepea moto mkononi.

"Lanuka kama yai viza!" akasema. "Majirani wote wakohoa!"

Khubaib alisahau hata kumwamkia. Alichuchumaa, akalinyakua jiwe kwa koleo, akalitosa kwenye ndoo ya maji. Likalia, likanyamaza. Alipolitoa, upande mmoja ulikuwa umegeuka kijivu na kumeguka, uliobaki mzima.

"Mzee Ivan ameliweka miaka mingi dirishani," akasema, "limekaa kwako siku mbili."

Fairuz akacheka kile kicheko chake, machozi yakimtoka, na katika kucheka akamweleza mamake yote, mkataba, mzee, mfuko, na mkono uliokaa mfukoni siku sita. Bi Mwanakuu alisikiliza mpaka mwisho. Akalitazama jiwe, akamtazama kijana, akaviangalia na vile viatu.

"Na hao wenzako wamelichoma jiwe hili muda gani?"

"Zaidi ya miaka mia, Bi Mwanakuu."

"Basi wana haki ya kuacha." Akajipepea. "Na wewe, babangu, kama umerudi kweli, posa haiji ndani ya bakuli. Posa huja na wazee wenye kofia, wakabisha hodi mlango wa mbele."

"Watakuja, mama."

"Sijakwambia uniite mama. Nenda zako kwanza."

Alasiri ile ile bakuli la maua ya buluu lilivuka kichochoro, likiwa na kaimati za moto zilizomiminiwa shira. Bi Ruweida alipofunua tu akapiga kigelegele cha nusu sauti, maana ujumbe aliokuja nao Fairuz ulikuwa mfupi: Bi Mwanakuu asema Ijumaa baada ya Alasiri yuko nyumbani, na kahawa ataiteleka mwenyewe.

Jiwe sasa liko rafuni sebuleni, ubavuni mwa mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi. Bi Mwanakuu kila anapofuta vumbi huligeuza, ule upande aliouchoma yeye ukaelekea ukutani. Na Fairuz kila apitapo huligeuza tena.