Kasoro ya Nyumba ya Nikolausi

Ndugu zangu, sikilizeni habari ya jirani zetu hawa, maana yaliyowapata yanaweza kumpata yeyote kati yetu mwenye kitu cha kuuza na ulimi wa kukisifia.

Kornelia alikuwa mwanamke wa kuonewa wivu. Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya bati, kwenye mteremko unaotazama bonde la Yaeda, akichuja maziwa, huku mjukuu wake Monica akikimbiza vifaranga. Mahindi yalikuwa yamevunwa, ng'ombe walikuwa wameshatoka kwenda malishoni, na mumewe Nikolausi alikuwa nyuma ya nyumba akipiga mluzi. Kisha Nikolausi akaja, akaketi, akasema amepata mteja wa nyumba ya chini.

Kornelia alikiweka kibuyu chini. Nyumba ya chini ilikuwa tembe, nyumba ya paa la udongo, ya marehemu baba mkwe wake, mzee Margwe, iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima kama walivyojenga wazee. Chini ya sakafu yake kulikuwa na chumba kikubwa kilichochimbwa enzi za mababu, ili watu na mifugo wajifiche wavamizi walipokuja. Vita vilikwisha, chumba kikabaki, na maji ya mvua yakawa yanakila kidogo kidogo. Mzee Margwe aliihama nyumba hiyo siku sakafu ilipotitia ikameza mbuzi, na hadi anakufa hakuruhusu mtoto acheze humo. Hayo yote Nikolausi aliyajua kuliko mtu mwingine, kwa sababu ni yeye aliyeteremshwa kwa kamba kumtoa yule mbuzi.

Lakini Nikolausi alikuwa ameiona mashine ya kusaga ya mtu mmoja huko Dongobesh, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Tamaa ikishamwingia mtu, humpa majibu ya kila swali. Aliliziba shimo kwa miti na matawi, akashindilia udongo, akaikandika sakafu kwa samadi, akazipaka kuta chokaa. Ilipokauka, ungedhani ni nyumba ya bwana harusi.

Mteja mwenyewe aliitwa Gidamis, mfugaji kutoka Yaeda Chini. Alitaka makazi karibu na shule, maana huko bondeni watoto wake walitembea njia mbaya na ndefu mno. Alikuja na mkewe Judith. Wakaamkia shikamoo, wakapewa maziwa, wakashuka kuizunguka nyumba, wakarudi. Gidamis hakujua mambo ya kuta, alijua ng'ombe. Kwa hiyo aliuliza swali la mtu anayejua ng'ombe.

“Mzee, kwetu mtu akiuza ng'ombe anataja kasoro yake. Kama anapiga teke, anasema. Kama anatupa mimba, anasema. Hii nyumba kasoro yake ni ipi?”

Nikolausi alicheka kidogo. “Kasoro yake ni uzee tu, kama mimi.”

Gidamis akamgeukia Kornelia, kwa kuwa mama wa nyumba ndiye anayemjua ng'ombe anayemkamua. Kornelia akainama, akaendelea kumimina maziwa. Hakusema uongo. Hakusema chochote, na alijiambia kwamba hiyo ni tofauti kubwa.

Gidamis alilipa kwa ng'ombe, mashahidi wakashuhudia. Ng'ombe wakapelekwa mnadani, na kilichorudi nyumbani ni mashine.

Tangu siku hiyo Kornelia hakuwa na raha. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alitoka kutazama kama moshi unafuka kwenye nyumba ya chini. Akiuona, anashukuru, ukichelewa, anashuka hatua chache kuutafuta kwa macho. Akina Gidamis walikuwa na desturi ya kulaza ndama ndani pamoja na watoto, na jioni Kornelia alisimama akiwaangalia ndama wakiingia mmoja mmoja, akiwaza uzito wa kila mmoja. Chakula kilimshinda. Nikolausi, yeye, alikula na kusaga unga wa watu.

Siku moja Judith alipanda kuomba chumvi, wakazungumza mambo ya mahindi na watoto. Akiwa anaondoka, akasema kwa kucheka, “Mama, ile sakafu inaitika nikitwanga. Napiga juu, na chini kunapigwa.”

“Uwe unatwangia nje, mwanangu,” Kornelia akasema. “Nje kuna hewa.”

Hebu fikirini. Mtu anajua mwenzake amelala juu ya shimo, na msaada wote anaompa ni kumwambia atwangie nje! Lakini tusimcheke haraka. Wangapi kati yetu tumeonya hivyohivyo, kwa maneno ambayo hayamwokoi mtu wala hayatugombanishi na wa nyumbani?

Kornelia alimwendea mumewe. Alimsihi amwambie Gidamis ukweli kabla mvua hazijaanza. Nikolausi alimjibu kwamba aliuza kiwanja, nyumba ilikuwa nyongeza tu, na miti aliyozibia ni migumu, haiozi leo wala kesho. Kornelia alipomuuliza kama yeye mwenyewe angethubutu kurukaruka juu ya hiyo miti, Nikolausi alichukua kofia yake akaenda mashineni.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Judith alipanda tena, safari hii bila kicheko, akasema kando ya mafiga kumepasuka ufa, na mkono unaingia. Kornelia aliacha sufuria motoni. Walishuka wote wawili, akamkuta Gidamis akifungua ndama, akamweleza yote, la chumba, la mbuzi, la chokaa. Gidamis hakumfokea. Alitoa watoto kwanza, kisha ndama, kisha akaenda kwa Tadei, mwenyekiti wa kitongoji.

Kikao kilikaa alasiri hiyohiyo, kwenye uwanja ulio juu ya ile nyumba, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye miti. Nikolausi alikana. Alisema mkewe ameingiwa na woga wa kizee, nyumba imelaza vizazi na vizazi, na Gidamis amekumbuka ng'ombe wake tu, sasa anatafuta sababu. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa nyumba ilionekana pale chini, nyeupe, imesimama. Kornelia aliona watu wanaanza kumtazama kama mwongo. Ndipo alipomwambia mumewe neno ambalo hakulipanga.

“Baba Emanuel, kama nyumba ni nzima, mchukue Monica ukalale naye humo leo.”

Alidhani aibu itammaliza palepale. Alidhani atainamisha kichwa na kukiri. Badala yake Nikolausi, akiwa na macho ya kijiji kizima juu yake, alimshika Monica mkono, akaanza kushuka naye kilima.

Mvua ilianza kudondoka. Monica alikuwa akirukaruka, maana si mara nyingi babu yake alimshika mkono. Watu walisimama, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme neno. Kornelia alikimbia, akateleza kwenye majani, akainuka, akateleza tena, akiwaza kwamba kinywa kilichonyamaza siku ya kuuza ndicho sasa kimempeleka mjukuu wake shimoni.

Aliyefika ni Gidamis. Aliwapita mbio, akasimama mlangoni, akaiweka fimbo yake kuziba njia.

“Mzee, mwache mtoto,” alisema, akihema. “Nyumba kaa nayo. Na ng'ombe wangu kaa nao. Mtoto asiingie.”

Nikolausi alimtazama. Huyu ndiye mtu ambaye yeye Nikolausi alimdhulumu, naye alikuwa tayari kupoteza mali yake yote kwa ajili ya mtoto asiye wake. Nikolausi akamwachia Monica mkono. Alikaa kwenye matope, mzee mzima, akasema kwa sauti iliyowafikia wote, “Kuna shimo. Nililiziba mwenyewe, kwa mikono yangu.”

Kornelia alimbeba Monica, hakumweka chini hadi nyumbani.

Nyumba ilianguka wiki hiyohiyo, mchana, mvua ikinyesha. Waliokuwa juu walisikia kishindo kimoja tu. Kornelia alishuka kuona. Mahali pa mafiga hapakuwapo. Mahali palipokuwa na ngozi ya kulalia watoto palikuwa wazi hadi gizani huko chini, na vipande vya chokaa vilielea kwenye maji.

Mashine iliuzwa kwa hasara, na ng'ombe waliopatikana hawakufika nusu ya wale wa Gidamis. Kikao kikaamua nyumba ya bati iwe ya Gidamis. Nikolausi na mkewe sasa wanalala jikoni, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba hiyo, na huyo mzee hawezi kuuza hata jogoo bila mnunuzi kumgeuzageuza kwanza. Judith bado humwamkia Kornelia shikamoo kila asubuhi, tena kwa heshima. Lakini akienda kuchota maji, huondoka na watoto wake wote, hamwachii hata mmoja.

Funzo

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha ufa wa nyumba huumbuliwa na mvua. Kuuza kitu kibovu si kosa. Kama Nikolausi angesema, “Kuna shimo, nunua kiwanja, nyumba ubomoe,” angepata ng'ombe wachache, naye angekuwa na usingizi wake na jina lake. Kosa ni kumwuzia mtu hatari na kuiita uzee. Na wewe uliyesimama pembeni ukimimina maziwa huku ukijua, usijidanganye kwamba hukuuza. Umeuza pia, na ukija kusema baadaye, utaaminiwa kwa shida. Basi siku ya kumwonyesha mteja nyumba yako, jiulize kwanza kama ungemlaza humo mtoto wako usiku wa mvua. Kama jibu ni hapana, mwambie kabla hajafunga safari ya kuleta ng'ombe.